Namna ya Kuotesha Miche Pamoja na Kuvu Wake: Mwongozo kwa Vitalu vya Mtwara na Lindi

Mkulima wa Mtwara akisikia neno kuvu, fikra zake humpeleka moja kwa moja kwenye ubwiriunga, ule unga wa kijivu unaofunika maua ya mkorosho wakati wa kipupwe na kumlazimisha kununua salfa, au kwenye mnyauko unaokausha mti tawi baada ya tawi. Hofu hiyo ina msingi, lakini imetusahaulisha kwamba chini ya mkorosho huohuo wapo kuvu wengine wanaousaidia mti kuvuka kiangazi cha miezi sita katika mchanga wa uwanda wa Makonde. Mwongozo huu unawahusu hao. Unaeleza jinsi ya kuwatambua, kuwachukua walipo, kuwatia kwenye viriba na kuwatunza shambani, na umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kitalu kidogo cha kijiji, shule au kaya, asiye na maabara.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba si kila udongo wa msitu unafaa kila mche. Wengi waliojaribu kurudisha miti ya asili katika mashamba yaliyochoka wameotesha mbegu nzuri, wakamwagilia kwa bidii, kisha wakaona miche imedumaa na kugeuka manjano, na wakailaumu mbegu.

Ujue kwanza mti wako ni wa kundi gani

Ushirika wa kuvu na mizizi huitwa mikoriza, jina lililobuniwa mwaka 1885 na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, kutokana na maneno ya Kigiriki ya kuvu na mzizi. Mti hutengeneza sukari kwa nguvu za jua na kuwagawia kuvu sehemu yake, wakati mwingine hata moja ya tano. Kuvu nao hutandaza nyuzi zilizo nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi, nazo hupenya katika vitundu vya udongo ambamo mzizi wenyewe hauwezi kuingia. Faida kubwa ni fosforasi. Kirutubisho hicho hakisogei upesi udongoni, hivyo mzizi ukishafyonza kile kilicho milimita chache kando yake hubaki umezungukwa na ukanda mtupu, na udongo unapokauka mwendo wake huzidi kuwa wa kobe. Nyuzi za kuvu huuvuka ukanda huo na kuchota mbele yake. Vilevile hushikamanisha chembe za mchanga, jambo linaloonekana wazi ukilinganisha udongo wa chini ya kichaka, unaovunjika kwa mabonge madogo, na ule wa njia iliyokanyagwa, unaomwagika kama chumvi.

Makundi mawili ya kuvu hao ndiyo yanayotuhusu huku kusini, na katika mwongozo huu nitayaita kuvu wa ndani na kuvu wa ala.

Kuvu wa ndani huingia katika seli za mzizi na kujitawanya humo mfano wa kichaka kidogo sana. Hawatoi uyoga na hawaonekani kwa macho, lakini ndio wanaoishi na zaidi ya theluthi mbili ya aina zote za mimea duniani. Ushirika wao ni wa kale mno, kwa kuwa mabaki yake yamekutwa katika mawe ya Rhynie, Uskoti, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 400. Mkorosho ni wa kundi hili, pamoja na mwembe, muhogo, mahindi, mtama, ufuta, mbaazi na kunde. Katika miti ya msituni, mpingo na mninga nayo ni ya kundi hili.

Kuvu wa ala hawaingii ndani ya seli. Huivika ncha ya mzizi ala, kama kisu kinavyovikwa yake, kisha hupitisha nyuzi katikati ya seli moja na nyingine. Wengi wao hutoa uyoga wakati wa masika. Mimea inayoishi nao ni takriban asilimia 2 tu ya aina zote, na idadi hiyo ndogo isikudanganye, kwani humo ndimo mnamopatikana miti inayotawala miombo yetu: jamii ya Brachystegia, mtondoro ambao kwa jina la kitaalamu ni Julbernardia globiflora, mkongo au Afzelia quanzensis, na mkusu. Mtafiti wa Uswidi, Peter Högberg, aliyechunguza mizizi ya miti ya Tanzania na kuchapisha matokeo yake mwaka 1982, alionyesha kwamba ile miti ya jamii ya kunde yenye kuvu wa ala kwa kawaida haina vinundu vya kunasa nitrojeni ya hewani mizizini, ilhali yenye vinundu, kama mpingo na mninga, hutegemea kuvu wa ndani. Msitu mmoja, basi, una mifumo miwili ya kujilisha chini ya ardhi, na miti inayosimama bega kwa bega inaweza kuwa haina mshirika hata mmoja wa pamoja.

Jambo hilo hubadilisha sura ya msitu wote. Shamba likiachwa, mimea inayowahi kurudi ni nyasi na vichaka vyenye kuvu wa ndani, ambao hawakosekani karibu popote palipolimwa mahindi au muhogo. Mtondoro hurudi upesi pale tu visiki vyake vilipobaki hai, kwa sababu kisiki hai kina mizizi, na mizizi ina kuvu wake. Nachingwea ni mahali pazuri pa kulitafakari hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na huko pia msitu uling'olewa kwa matrekta mazito ili kufungua mashamba, hadi mpango ulipofutwa mwaka 1951. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi, kuanzia mvua hadi mitambo, nami siwatwishi kuvu mzigo huo. Ninachosema ni kwamba ardhi iliyong'olewa visiki na mizizi imepoteza akiba yake ya chini, na mwenye kutaka kurudisha miombo mahali kama hapo hana budi kuileta akiba hiyo mwenyewe.

Kuchukua udongo kwa mama

Kwa miche ya mtondoro, mkongo au mkusu, udongo wa kuanzia, ninaouita udongo wa mama, hutoka chini ya mti mkubwa wa aina hiyohiyo, ulio mzima, usio na majani yanayokauka ovyo. Ikiwa msitu ni wa hifadhi ya kijiji, onana kwanza na kamati ya maliasili ya kijiji na ueleze unachotaka. Ndoo mbili tatu za udongo hazijawahi kumkosanisha mtu na kijiji, lakini kuonekana na koleo msituni bila taarifa kunaweza.

Wakati bora ni katikati ya mvua, kuanzia Januari hadi Aprili, kwa kuwa ndipo ncha za mizizi zinapokuwa hai na nyuzi zimetanda. Simama umbali wa hatua mbili au tatu kutoka kwenye shina. Ondoa kwa mkono majani makavu ya juu na uyaweke kando, kwa sababu utayarudisha. Chini yake utakuta tabaka la majani yaliyooza nusu, yameshikana, na ukilifunua taratibu utaona nyuzi nyeupe au za manjano zimepita kutoka jani hadi jani kama utando wa buibui uliolowa. Hapo ndipo pa kuchimba. Chukua udongo wa kina cha sentimita 10 hadi 15 pamoja na vijizizi vyembamba vilivyomo, bila kukata mizizi minene, kisha uhamie upande mwingine wa mti, na baadaye miti mingine miwili au mitatu, ili usiujeruhi mti mmoja na ili upate kuvu wa aina mbalimbali. Fukia ulipochimba na urudishe majani.

Ukiona uyoga umechipua moja kwa moja kutoka kwenye udongo chini ya mtondoro, hasa ule wa manjano wenye umbo la faneli, hiyo ni dalili njema kuhusu mahali penyewe. Uyoga wa kichuguu ni habari nyingine kabisa. Huo hulimwa na mchwa ndani ya kichuguu chao, hauna ushirika na mizizi ya mti wowote, na kwa hiyo udongo wa kichuguu, pamoja na sifa zake zote za rutuba na kujengea, hautaupa mche wako kuvu unaouhitaji. Nimekuta vitalu viwili vilivyochanganya mambo haya.

Beba udongo kwenye gunia au kapu linalopitisha hewa, uuweke kivulini, unyunyizie maji kidogo ukianza kukauka, na uutumie ndani ya siku chache. Mfuko wa nailoni uliofungwa na kuachwa juani ni tanuri, na kuvu hawatoki humo salama. Kwa anayeotesha Septemba ili apande Januari, udongo wa msitu wakati huo ni mkavu na kuvu wamo katika hali ya kulala, wengi wakiwa katika spora, yaani chembe zao za uzazi. Mimi katika majira hayo huchukua mara mbili ya kiasi cha kawaida na kuchimba chini kidogo, pale palipobaki unyevu.

Kwa mkorosho na mimea mingine ya kuvu wa ndani, usichukue udongo chini ya mkorosho wowote uliowahi kuonyesha dalili za mnyauko, wala katika shamba lenye mti wa namna hiyo. Kuvu wa fuzari wanaosababisha ugonjwa huo huishi udongoni, na ndoo moja inatosha kuwahamishia kitaluni. Kwa sababu hiyo mimi sipendi kabisa udongo wa chini ya mikorosho. Napendelea njia ya chungu cha mtama nitakayoieleza baadaye.

Kujaza viriba, na kosa nililolifanya

Kwa miti ya kuvu wa ala, changanya sehemu moja ya udongo wa mama na sehemu nne za udongo wa kichanga ulio safi. Samadi iliyooza vizuri inaweza kuongezwa kidogo, lakini usizidishe, na mbolea za viwandani zenye fosforasi nyingi ziache kabisa katika miezi ya mwanzo: mche unaopewa fosforasi tele bila jasho hupunguza sukari unayowapa kuvu, na ushirika haujengeki. Mche huo utaonekana mnene na wa kijani kitaluni, kisha utafika shambani bila mshirika, mwezi mmoja kabla ya kiangazi.

Chekecha udongo kwa chekeche lenye matundu makubwa ili vijizizi vibaki ndani. Jaza kiriba hadi nusu, weka konzi moja ya udongo wa mama peke yake, kisha malizia na mchanganyiko. Kwa njia hiyo mzizi mkuu, ambao kwa mtondoro na mkongo hushuka haraka sana kabla ya shina kurefuka, hupita katikati ya kuvu walio wengi. Mbegu za mtondoro ziokotwe pale maganda yanapopasuka kwa mlio mkali katika kiangazi na kuzirusha mbali, kwani zinazokawia chini huliwa na wadudu. Za mkongo, zile nyeusi zenye kikofia chekundu, zivuliwe kikofia na zikwaruzwe ganda kidogo kabla ya kulowekwa.

Usiupike udongo. Nalisema hili kwa sababu mwaka wa kwanza niliupika. Nilikuwa nimezoea miche ya nyanya, ambayo kinyaushi huimaliza kwa usiku mmoja, na nilifundishwa kuukaanga udongo juu ya bati ili kuua vimelea. Nikaufanyia hivyo udongo wa mtondoro nilioubeba kwa baiskeli kutoka msituni upande wa Masasi, nikapanda viriba 60, na miche ikaota yote. Ilipofika majani manne ikasimama. Majani yakapauka, mishipa ikabaki ya kijani, na hakuna maji wala samadi iliyoisogeza. Mzee mmoja jirani, aliyekuja kuomba miche michache ya kivuli, aliutia mkono kwenye kiriba, akaunusa udongo na kuniuliza, "Umeupika kama ugali, mwanangu, halafu unangoja uzae?" Hakuwa na habari ya mikoriza, lakini alijua udongo wa msitu una harufu yake, na ule haukuwa nayo. Niliwahi kuokoa kama nusu ya miche ile kwa kutoboa tundu kando ya kila mmoja kwa kijiti na kuingiza udongo mbichi. Ile mingine ilikufa ikiwa na urefu wa kiganja.

Dawa za ukungu za kumwagilia udongoni nazo hazichagui adui na rafiki. Wala usijenge kitalu chini ya mikorosho inayopuliziwa salfa, kwa kuwa salfa inayoanguka chini huongeza tindikali ya udongo mwaka hadi mwaka.

Chungu cha mtama

Kuvu wa ndani hawazaliani bila mzizi hai, kwa hiyo huwezi kuwafuga kwenye ndoo ya mboji. Wanafugwa kwa mmea. Tafuta ndoo kuukuu au sufuria lililotoboka, ulijaze mchanga wa mtoni uliooshwa na kuanikwa juani siku kadhaa, kisha changanya sehemu moja kati ya kumi ya udongo wenye vijizizi uliotolewa chini ya nyasi za asili, mpingo au mninga mzima, mahali pasipolimwa miaka ya karibuni. Panda humo mtama na kunde kwa pamoja, msongamano wa mbegu kumi hivi kwa ndoo. Mwagilia kwa kiasi, bila mbolea, kwa muda wa miezi mitatu hadi minne.

Kisha acha kumwagilia kwa wiki mbili. Ukame huo wa makusudi huwachochea kuvu kutengeneza spora kwa wingi, kama wafanyavyo mashambani masika yanapoisha. Kata mashina, mwaga mchanga juu ya turubai kivulini, katakata mizizi vipande vya sentimita moja na uvichanganye na mchanga wake. Hiyo ndiyo mbegu yako ya kuvu. Konzi moja ndogo chini ya kila mbegu ya korosho, mpingo au mninga inatosha, na inayobaki itakaa mahali pakavu penye ubaridi hadi msimu unaofuata. Kama mtama wa ndoo fulani ulionyesha ugonjwa wa mizizi, ndoo hiyo itupwe yote. Mchicha na kabichi havifai katika kazi hii, kwa kuwa jamii zao kwa kawaida hazishirikiani na kuvu hawa.

Kukagua mizizi

Miche ya kuvu wa ala ikaguliwe ikifikia miezi mitatu au minne. Toa dhabihu mche mmoja katika kila ishirini. Chana kiriba, uuloweke mzizi na udongo wake katika beseni la maji hadi udongo uachie wenyewe, kisha tandaza mizizi katika sahani nyeupe yenye maji kidogo. Mzizi mtupu una ncha nyembamba, zilizochongoka, zenye vinyweleo. Ncha iliyovikwa ala ni fupi, butu, nene kama kijiti cha kiberiti kilichopunguzwa mara nyingi, mara nyingine imegawanyika kama vidole, na rangi yake huwa nyeupe, ya kahawia, ya manjano au nyeusi. Lenzi ya mkono husaidia sana. Ukihesabu ncha mia na kukuta kumi tu zina ala, ongeza udongo wa mama kwa njia ya tundu la kijiti na usipande msimu huo.

Kwa kuvu wa ndani hakuna namna ya kuona bila hadubini. Shule ya sekondari yenye maabara inaweza kuchemsha vijizizi katika potasi kali (hidroksidi ya potasiamu) ya asilimia 10 chini ya uangalizi wa mwalimu, kuvisuuza, kisha kuvichemsha dakika tatu katika siki iliyotiwa wino wa kalamu kidogo; kuvu hushika rangi na mzizi hubaki angavu. Asiye na hadubini aoteshe viriba kumi bila mbegu ya kuvu kando ya vile vyenye nayo, na alinganishe urefu na rangi ya majani baada ya miezi mitatu.

Shambani

Panda mvua ikishashika vizuri, si kwa manyunyu ya kwanza ya Novemba ambayo mara nyingi hudanganya. Mche wa mtondoro au mkongo upandwe, inapowezekana, karibu na kisiki hai au mti uliosalia wa kundi la kuvu wa ala, nje kidogo ya kivuli chake, ili mizizi yake ikutane mapema na nyuzi zilizokwisha kutanda. Visiki vinavyochipua vising'olewe. Chagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, ukate mengine. Kwa kazi ya kurudisha miombo, kisiki kimoja kinachochipua nakithamini kuliko viriba ishirini.

Jembe nalo lina mipaka yake. Kila kulima kunakata nyuzi, na trekta linalopindua udongo katika mikorosho kila mwaka huwarudisha kuvu mwanzo kila mwaka. Palilia kwa kukwatua juu juu, na nyasi zilizokatwa ziwe matandazo badala ya kuchomwa. Moto wa mwishoni mwa kiangazi, wakati majani yamekauka kabisa, ndio mbaya zaidi, kwa kuwa huteketeza tabaka lilelile la majani yaliyooza ambamo kuvu wa ala wamejaa. Ikiwa lazima uchome njia ya kuzuia moto, uchome Juni, majani yakiwa na unyevu.

Katikati ya mikorosho michanga iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 pana ardhi tupu kubwa, na jua la Septemba huipiga bila huruma. Mbaazi ndiyo ninayoipendekeza hapo kuliko zao lolote. Mahindi yakivunwa mizizi yake hufa, lakini mbaazi hubaki shambani hadi Agosti au Septemba, mzizi wake ukiwa umezama na hai, na kuvu wa ndani wana mahali pa kuegemea kwa sehemu kubwa ya kiangazi. Ukivuna, kata shina na uache mzizi ardhini.

Masika ya pili baada ya kupanda, nenda kwenye mche wa mtondoro ulioshika, funua majani yaliyoanguka chini yake na utafute zile nyuzi nyeupe. Ukizikuta, mche huo hauhitaji udongo mwingine kutoka msituni. Usipozikuta, chukua konzi mbili za udongo wa mama, chimba vijishimo vitatu kuuzunguka kwa kina cha kiganja, uweke, ufukie, na urudishe majani juu yake.